Fungate ya pili ipite barabara ya vumbi

Kumbi za sherehe za Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, zilizozoea maharusi vijana, siku hizi zinapokea pia maharusi wenye mvi. Ni wazazi waliotimiza miaka 25, 40 au 50 ya ndoa. Watoto huunda kamati mapema, kadi za mchango hugawiwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, sare hushonwa, na siku yenyewe ikifika baba na mama huingizwa ukumbini kwa vigelegele, hukata keki, hulishana, hupigwa picha, na usiku wa manane hurudishwa nyumbani wamechoka. Nia ya watoto hawa ni njema na sina neno la kuwalaumu. Ninachodai ni kwamba sherehe wameipeleka mahali pasipo pake. Ndoa iliyodumu nusu karne haikutengenezwa na watu wawili peke yao. Ilitafutwa, ikaposwa, ikasimamiwa na kusuluhishwa na watu wengi, na waliosalia kati yao wengi wako vijijini, mwisho wa barabara za vumbi, wazee kiasi kwamba basi la alfajiri hawaliwezi tena. Adhimisho linaloistahili ndoa hiyo ni kuwafuata huko waliko. Bwana na bibi wapande gari, waiache barabara kuu, wapite njia za ndani taratibu, na usiku wakiingia kwa ndugu walale.

Maneno tunayoyatumia yenyewe yanalidai jambo hili. Neno jubilei limetufikia kupitia makanisa, na chimbuko lake ni Torati ya Musa, katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi. Waisraeli waliagizwa wahesabu miaka saba mara saba, na mwaka wa 50 baragumu ipigwe nchi nzima, ardhi iliyouzwa irejee kwa wenyewe, na watu warudi kwa koo zao. Kurudi kwa jamaa, kwa hiyo, si pambo tunalotaka kuliongeza juu ya jubilei. Ndiyo jubilei. Neno la pili ni la kwetu kabisa, nalo linasema vilevile. Fungate ni hesabu ya kale ya siku saba, kutoka enzi ambapo saba iliitwa mfungate, na siku hizo saba zilikuwa zile zinazofuata arusi. Katika desturi ya pwani, bwana arusi hakumchukua mkewe siku hizo akaenda kujitenga naye mbali na watu. Yeye ndiye aliyehamia nyumbani kwa kina mke, akakaa ndani, akapikiwa na kuhudumiwa na upande wa mke mpaka saba ikatimia. Leo fungate imekuwa hoteli ya ufukweni na watu wawili waliozima simu. Kwa vijana hilo lina faida yake, maana wanahitaji kuzoeana. Lakini watu waliozoeana kwa miaka 50 hawana haja ya kufichwa. Wao fungate ya asili inawafaa kuliko hiyo mpya: kukaa siku kadhaa chini ya dari la wakwe, kula chakula chao, na kulala wanapolala wao.

Tuutazame mwanzo wa ndoa yoyote ya kizazi hicho tuone ni mikono mingapi iliyoigusa. Alikuwepo mshenga, aliyekwenda na kurudi mara kadhaa akibeba maneno ambayo wazazi wasingeweza kuambiana ana kwa ana. Alikuwepo somo au kungwi, aliyemfunda binti na kubaki mlezi wake wa siri kwa miaka. Walikuwepo mashangazi waliochunguza ukoo, na wajomba ambao bila wao mahari isingepokewa. Katika desturi za pwani malipo ya ndoa yaligawanywa kwa majina: kilemba cha baba, mkaja na ubeleko wa mama. Mkaja ni nguo anayofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Yaani siku ile ya furaha, kabla kijana hajakabidhiwa mke, alitakiwa kulikumbuka tumbo lililomzaa binti na mgongo uliombeba. Sijui sherehe nyingine iliyoweza kusema jambo zito hivyo kwa kipande cha nguo. Na hata lugha ikaendelea kuwashika wote hao kwa majina: wifi, shemeji, mavyaa, bavyaa, mkaza mwana, hadi mwanyumba, jina wanaloitana wanaume waliooa ndugu. Watu hawatungi msamiati mpana namna hii kwa jambo la watu wawili. Na sheria zetu, zote tatu zinazofungisha ndoa, zinakubaliana katika hili. Kanisa linataka mashahidi wawili, fikihi ya Kiislamu inataka mashahidi wawili, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haikubali ndoa ifungwe bila mashahidi wasiopungua wawili. Tunawatafuta kwa bidii siku ya kwanza. Baada ya hapo ni nani anayekwenda kuwajulia hali?

Swali hilo lina haraka leo kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu ya hesabu ya umri. Waliofunga ndoa mwaka 1975 wametimiza miaka 50 mwaka 2025. Katika miaka hiyo ya 1970 wastani wa umri wa kuishi Tanzania haukufika miaka 50. Ni kweli wastani huo ulishushwa mno na vifo vya watoto wachanga, na aliyevuka utoto aliweza kuishi sana. Hata hivyo, kwa mume na mke kufika pamoja miaka 50 ya ndoa lilikuwa jambo la nadra. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na waliofikisha miaka 60 hawafiki asilimia 6 kati yao. Mshenga wa mwaka 1975 mara nyingi alikuwa mtu mzima tayari, mwenye miaka 35 au 40, maana kijana mdogo asingesikilizwa. Leo, kama yu hai, anakaribia miaka 90. Kamati ikikaa miezi minane kukusanya michango ya ukumbi, huenda mtu mmoja aliyepaswa kushukuriwa akawa amezikwa kabla kadi hazijachapishwa. Tena kizazi hicho kilioana katika miaka migumu kuliko tunavyokumbuka. Ni wakati ambapo Operesheni Vijiji ilikuwa inahamisha familia kutoka viunga vyao vya asili kwenda vijiji vya ujamaa. Halafu ikaja vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, kisha miaka ya mwanzo ya 1980 ambapo sukari, sabuni na nguo vilikuwa vya foleni. Katika miaka hiyo, nyumba changa haikushikwa na upendo wa wawili tu. Ilishikwa na debe la mahindi lililotumwa na shemeji, na mtoto aliyepelekwa kulelewa kwa bibi mpaka mambo yatengemae, na barua iliyopitia sanduku la posta la shule au misheni ikisema njooni. Haya hayasemeki ukumbini. MC hana muda nayo, na waliotenda hawapo.

Sasa kuhusu njia yenyewe, kwa nini iwe ya ndani na si barabara kuu. Sababu ya kwanza ni kwamba ndugu wako huko. Sensa hiyohiyo inaonyesha kuwa takriban theluthi mbili ya Watanzania wanaishi vijijini. Barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS ni kama kilomita 36,000, wakati zile zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za vijijini na mijini, zinazidi kilomita 140,000, na sehemu kubwa kabisa ni za udongo na changarawe. Anayekaa kwenye lami kuanzia mwanzo wa safari hadi mwisho ameiona nchi ya wasafirishaji, hajaiona nchi ya jamaa zake. Mfano mzuri uko wilayani Same. Mabasi ya Dar es Salaam hupita magharibi mwa milima ya Upare wa Kusini, kupitia Makanya na Hedaru, na abiria huiona milima ile kama ukuta wa buluu unaokimbia dirishani. Lakini iko njia nyingine, upande wa mashariki, inayoanza Same, ikapita Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio hadi Mkomazi, milima ikiwa upande mmoja na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi upande wa pili. Kwa miaka mingi imekuwa njia ya vumbi wakati wa jua na tope wakati wa masika. Ndiyo inayopita kwenye mashamba ya mpunga ya Ndungu, na ndiyo inayotoa vichipukizi vya kupanda milimani, kwenye vijiji vya tangawizi vya Mamba Miamba. Mpare aliyeoa mwaka 1975 na kuhamia mjini, shahidi wake yuko huko juu. Hakuna njia ya mkato ya kumfikia, na mimi nasema isitafutwe.

Maana sababu ya pili ni mwendo wenyewe. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamfikisha mtu Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, na ni maendeleo ya kujivunia. Kasi ni nzuri kwa mwenye shughuli. Lakini watu wanaokwenda kuikumbuka safari ya miaka 50 hawana shughuli nyingine, na mwendo wa kilomita 30 kwa saa huwapa kitu ambacho kasi huwanyima, nacho ni mazungumzo. Njia ya ndani ina vituo vya kumbukumbu: mti ambapo lori la mazao liliharibika likiwa limebeba kitanda na masanduku ya harusi, zahanati alikozaliwa mtoto wa kwanza, daraja ambalo zamani lilikuwa gogo. Mmoja anakumbuka hivi, mwingine anasahihisha. Wajukuu walioketi nyuma wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba babu na bibi waliwahi kuwa vijana wenye hofu. Mwenye asili ya pwani atayapata hayohayo akitoka Bagamoyo kwa njia ya Saadani na Mkwaja hadi kivuko cha Pangani. Anayetoka Usambara atayapata akishaipita Lushoto na kuendelea kwenda Mlalo au Mtae. Jina la mahali si hoja.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni la afya. Mzee wa miaka 75 mwenye presha, sukari na mgongo mbovu atasukwasukwaje kwenye makorongo? Ni pingamizi la kweli na halijibiwi kwa maneno matamu. Jibu lake ni mpangilio. Safari isifanywe masika. Ifanywe Julai au Agosti, wakati wa kipupwe, barabara zikiwa kavu na mavuno yako ndani, ili wenyeji wasidhalilike kwa kukosa cha kumwekea mgeni. Kila siku iwe na saa tatu au nne tu za gari. Dawa zipakiwe kabla ya nguo, na daktari aulizwe kabla ya fundi. Tena tukumbuke kuwa ukumbi nao unachosha: saa sita za kuketi wima juu ya kochi la maua, muziki ukitikisa kifua, usingizi umepita. Na mzee ambaye kweli hawezi kusafiri asisafirishwe kwa nguvu. Basi watoto waende badala yake, wakamchukue shahidi mmoja na kumleta.

Wengine watasema, mbona kwenda nyumbani tunakwenda kila mwaka? Wachagga ndio mfano unaotajwa zaidi, kwa jinsi barabara ya Kilimanjaro inavyojaa magari kila Desemba, na desturi hiyo naiheshimu sana. Lakini tuangalie inakoelekea. Safari ya Desemba huenda kwa kina mume. Mke wa nyumba ile, awe na miaka 30 ya ndoa au 50, mara nyingi kwao hupita mchana mmoja, anasalimia, anaacha sukari na kitenge, jua halijazama amerudi kupika kwa wakwe. Mshenga, somo, shangazi aliyeolewa tarafa ya mbali, hawa hawamo kwenye ratiba ya Krismasi. Safari ninayoisema mimi ni ya kuufuata mtandao wote wa ndoa, si mji mmoja.

Na kuna wanaojibu kwamba ukumbi unawaleta wote pamoja mara moja, kwa gharama moja. Hauwaleti. Unawaleta wenye nauli, wenye viatu vya kuingilia ukumbini, na wenye nguvu za kurudi kesho yake. Bibi aliyemfunda bibi arusi mwaka 1975 atatumiwa salamu na picha kwenye simu ya mjukuu. Hata tukiyaacha hayo, mgeni ukumbini ni mtazamaji. Mwenyeji nyumbani kwake ni mtu mwenye heshima yake. Ukimkuta mshenga kwenye kigoda chake mwenyewe, chini ya paa lake, atasema mambo ambayo asingeyasema mbele ya kipaza sauti, na atakusahihisha pia. Kuhusu gharama, fedha za ukumbi, mapambo na chakula cha wageni 300 zinatosha mafuta, gari madhubuti la kukodi na dereva anayezijua njia, na bado zitabaki za kununulia doti za kanga, blanketi na mabati mawili matatu kwa nyumba inayovuja.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la wanawake, na sitaki kulipita haraka. Kudumu kwa ndoa, wanasema, si sifa peke yake. Wako waliodumu kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Kwa muda mrefu mwanamke aliyeachwa aliondoka na nguo zake tu. Ni mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kabla ya hapo, na mara nyingi hata baada ya hapo, uvumilivu wa wengi haukuwa hiari. Na katika masimulizi ya wanawake wa kizazi kile, aliyeumiza si mume peke yake. Ni nyumba ya wakwe: aliyesimangwa kwa kuchelewa kuzaa, aliyenyimwa chakula kwa sababu alizaa mabinti watupu, aliyeitwa wa kuja mpaka nywele zikawa nyeupe. Leo tumpakie kwenye gari tumrudishe palepale kwa jina la sherehe? Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, ratiba ya safari iwe mkononi mwake. Nyumba asiyotaka kuingia, gari lisisimame, na asiulizwe sababu mbele ya watoto. Pili, kosa la namna hiyo, kama litaombewa radhi, litaombewa radhi hapo lilipotendekea. Ukumbini mke hutakiwa kutabasamu na mume husifiwa kwa kumtunza. Hakuna nafasi ya mtu kusema, tulikukosea. Uani, jioni, wifi mzee akimsogezea maji ya kunawa, nafasi hiyo ipo. Sisemi kwamba itatumika kila mara. Nasema kwamba mahali pengine haipo kabisa, na mwanamke aliyeingojea miaka 50 anastahili walau kupelekwa inapoweza kupatikana.

Wapo pia Waislamu wanaoona sherehe za kutimiza miaka ni desturi ya kigeni isiyo na msingi katika dini. Sibishani nao. Naona tu kwamba safari hii haihitaji kuitwa sherehe. Kuunga udugu ni jambo lililohimizwa sana katika Uislamu, na kuyazuru makaburi ya wazazi na kuwaombea dua kunajulikana na kila familia ya pwani. Wanandoa wakienda kwa jamaa mwaka wao wa 40 au wa 50, bila keki wala muziki, wakasoma dua kwenye kaburi la mshenga aliyetangulia, hakuna atakayesema wameiga wageni.

Linabaki suala la kuanzia wapi. Katika maeneo mengi ya nchi, jibu la haraka litakuwa kwao mume, kwa kuwa ndiko watoto wanakohesabiwa. Mimi naona waanze kwao mke. Ndiko fungate ya pwani ilikofanyika, na ndiko kilikotoka kile ambacho mkaja na ubeleko vilijaribu kukishukuru. Mume aliyekwenda huko miaka 50 iliyopita akiwa kijana wa kuchunguzwa, aliyetanguliza mshenga kwa sababu hakuruhusiwa kujisemea, sasa aende kwa miguu yake na aseme kwa kinywa chake binti yao ameishi naye vipi. Kama mama mkwe ameshafariki, yuko dada yake, au mke wa kaka, au jirani aliyempokea mtoto. Doti ya kanga apewe huyo. Na watakapoandaliwa chumba, hata kama ni cha mjukuu aliyehamishwa akalale sebuleni, wasitaje nyumba ya wageni ya mjini. Waingize mizigo ndani, walale, na asubuhi wasiwe na haraka ya kugeuza gari.